Mkweche wa CG125 uani: nini ubadilishe, nini uache

Kama hujawahi kufufua pikipiki na unataka kuanzia uani kwako, bila gereji na bila kuacha kazi inayokulisha, tafuta Honda CG125 ya zamani. Kwa sura haishindani na nyingi. Wapo wanaopagawa na Vespa, wapo wanaohangaikia Yamaha za porini, na sina ugomvi nao. Lakini CG ina jambo ambalo mashine nyingi za umri wake hazina: wajukuu wake wamejaa kila kijiwe cha bodaboda. Injini za pikipiki nyingi za Kichina tunazopanda kila siku zimenakiliwa kutoka kwake. Ndiyo maana hata duka dogo la spea stendi lina ringi, gasketi na sahani za klachi zinazoingia kwenye mashine yako, au zinazokaribia kuingia. Kutofautisha hizo mbili ndiyo kazi yenyewe.

Honda waliitoa mwaka 1976. Kabla yake walikuwa na CB125, ambayo kamshafti yake inakaa juu kwenye hedi na kuzungushwa na cheni ndogo. Mashine tamu, ila bila oili safi haidumu. Sasa wahandisi wakaona watu wanavyoishi na pikipiki katika nchi kama zetu: mzigo kupita kiasi, cheni haikazwi, oili inabadilishwa siku pikipiki ikigoma. Hawakukaa kuwalaumu wateja, wakabadilisha injini. Kamshafti ikashushwa chini, ikazungushwa kwa gia, na fito mbili nyembamba zikapewa kazi ya kusukuma roka zilizo juu. Hata kamu ni moja tu, inafungua valvu zote mbili kwa zamu. Cheni ya nyuma nayo wakaifungia ndani ya kasha ili vumbi lisiifikie. Ukikuta CG yenye kasha hilo bado, usikubali fundi akushawishi ulitoe eti linapiga kelele. Linyooshe, lipigwe rangi, lirudi mahali pake.

Yangu niliipata kwa mzee mmoja, bwana shamba mstaafu, ikiwa imeegemea ukuta wa banda la mbuzi. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikaomba kadi ya pikipiki.

“Hutaki kwanza kupiga kiki, mwanangu?”

“Nitapiga mzee wangu, ila tuanze na kadi.”

Akacheka, akamtuma mjukuu ndani. Namba ya chesisi imegongwa kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapozungukia, na namba ya injini imegongwa kwenye mwili wa injini. Chukua brashi ya waya na kitambaa chenye mafuta ya taa, safisha mpaka usome tarakimu zote, kisha linganisha na kadi moja baada ya nyingine. Zisipofanana, au kadi ikiwa “ipo kwa shemeji mjini”, aga kwa heshima uondoke. Injini iliyokufa inafufuka. Pikipiki isiyoweza kuhamishwa umiliki TRA ni chuma cha kupima kwa kilo, hata ukiing’arisha vipi.

Kiki isiposhuka, usiikanyage kwa uzito wote. Pistoni imeshika kutu kwenye silinda na nguvu zako zitavunja meno ya gia ya kiki. Toa plagi, mimina ndani ya silinda mchanganyiko wa oili ya gia boksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, uache siku kadhaa ukiongeza inapopungua. Fanya hivyo mahali penye hewa na mbali na jiko, maana asetoni inawaka upesi. Kisha weka gia ya juu kabisa na ulitikise gurudumu la nyuma mbele na nyuma, polepole. Mara nyingi huachia.

Kabla ya spana ya kwanza piga picha, nyingi kuliko unavyodhani zinatosha: waya zinavyopita, kebo ya klachi inavyojikunja, bushi ipi iko upande upi wa ekseli. Kwa skrubu za mifuniko ya injini, picha hazitoshi. Mfuniko mmoja una skrubu za urefu tofauti, na ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi unapasua aluminiamu. Chora umbo la mfuniko kwenye boksi la kadibodi, toboa matundu, na kila skrubu unayoitoa uichomeke kwenye tundu lake. Andika juu “kushoto” au “kulia”. Kadibodi hiyo ndiyo kumbukumbu yako mwezi ujao, wakati picha zimeshazama kwenye simu katikati ya picha za harusi.

Na hizo skrubu zenyewe zina siri. Kwa macho ni za nyota za kawaida, ila Wajapani wa enzi hizo walifuata kipimo chao kinachoitwa JIS, ambacho msalaba wake una umbo tofauti kidogo. Bisibisi ya nyota ya dukani haizami hadi chini. Ukizungusha inapanda juu na kula kichwa. Ukiona CG ambayo vichwa vyote vimekuwa vishimo vya duara, usimlaumu fundi kwa ulevi, chombo ndicho kilichokuwa kibaya. Tafuta bisibisi yenye alama ya JIS, na ukikosa, chukua bisibisi ya kugongwa na nyundo, ile inayojizungusha kidogo kila pigo. Gonga kwanza kichwa cha skrubu bila kuzungusha, kutu ishtuke, ndipo ufungue.

Sasa turudi kwenye kubadilisha na kuacha. Utaingia dukani na kabureta mkononi, kijana wa kaunta ataiangalia mara moja: “Bosi, hiyo tupa. Mpya hii hapa, haina kesi.” Ana haki, ndiyo biashara yake. Lakini kabureta ya awali ya CG ni Keihin, na hata iliyolala miaka mingi kwa kawaida haijachakaa, imeziba tu. Petroli iliyokauka huacha utando kama lami kwenye jeti ndogo, ile ya sailensa, ambayo tundu lake ni jembamba mno. Fungua bakuli, toa jeti, loweka, pitisha hewa ya kompresa. Usichokoe kwa sindano wala waya wa chuma, jeti ni shaba laini na tundu likipanuka kidogo tu pikipiki itakunywa mafuta kama lori. Uzi mmoja wa nailoni au wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme unatosha. Skrubu ya hewa ifunge taratibu mpaka iguse, kisha irudishe mzunguko mmoja na nusu. Ni pa kuanzia. Utamalizia kwa sikio injini ikishapata moto. Kuna kitu kimoja cha kununua kipya hapo: sindano ya boya na kiti chake kama vina mfereji, kwa sababu petroli ikifurika itateremka mpaka kwenye oili.

Tangi kama halijatoboka, lifue mwenyewe. Toa koki, ziba tundu, jaza siki au maji yenye sitriki asidi, tia nati chache za zamani au kipande cha cheni, litikise kila upitapo. Kutu ikitoka, suuza kwa maji yenye magadi ili kuua asidi, kisha likaushe saa hiyohiyo na uzungushie oili kidogo ndani. Ukaushaji ndio unaowashinda wengi. Kwa sisi wa pwani, ukilala na tangi bichi utaamka na kutu mpya ya rangi ya chungwa. Kama limetoboka, usikubali kulichomelea kienyeji. Mvuke wa petroli unabaki kwenye mikunjo ya bati muda mrefu baada ya harufu kuisha, na matangi yamelipuka mikononi mwa watu.

Umeme wa CG za mwanzo ni wa volti 6 na kontakti pointi. Hapa kila mtu mtaani atakushauri uweke CDI ya bodaboda. Inawezekana, ila hubadilishi kiboksi peke yake: unabadilisha sumaku, koili na taa zote. Mimi nilibaki na pointi, na nina sababu. CDI ikifa, imekufa, huna la kufanya. Pointi zikisumbua, unazikwangua kwa msasa laini sana, unaweka mwanya wa milimita 0.3 hadi 0.4, unaendelea na safari. Kuweka taimu nako hakuhitaji mashine. Weka karatasi nyembamba ya sigara katikati ya meno ya pointi na uivute kwa vidole huku mwenzio anazungusha sumaku polepole. Mahali karatasi inapoanza kuteleza ndipo cheche inaporuka, na hapo alama ya F kwenye sumaku inatakiwa kukabiliana na mstari wa kwenye injini. Karatasi ikiachia mapema au kuchelewa, sogeza bamba la pointi na urudie. Taa itabaki hafifu. Usiku siendi nayo mbali.

Injini yenyewe niliifungua juu tu. Chini sikugusa, na nakushauri hivyohivyo kama konrodi haina mchezo wa kupanda na kushuka na beringi za krenki hazilii. Bloku ikiwa na mikwaruzo inayokamata ukucha, itabidi ichongwe saizi. Nunua pistoni kwanza, halafu peleka bloku na pistoni kwa fundi mchongaji, apime na kuchonga kwa kufuata pistoni hiyo. Ukichonga kwanza, hutapata pistoni inayolingana na tundu, hata ukizunguka Kariakoo nzima. Saizi ya kawaida ni milimita 56.5, sawa na ya injini nyingi za nakala, lakini kabla ya kulipa pima pia kipenyo cha pini na urefu kutoka pini hadi kichwa cha pistoni. Macho hayatoshi.

Kuna sehemu watu wanairuka kwa sababu hawajui ipo. Nyuma ya mfuniko wa kulia, kwenye ncha ya krenki, kuna kikombe chenye kifuniko cha skrubu tatu. Hicho ndicho chujio. Hakina karatasi wala sponji: kinazunguka kwa kasi na uchafu mzito unatupwa ukutani na kuganda. Yangu ilikuwa na tabaka jeusi gumu nililolichimba kwa kijiti cha mbao, lenye kung’aa kwa unga wa chuma ulipopigwa na jua. Miaka yote ya oili isiyobadilishwa ilikuwa imekusanyika pale badala ya kusaga beringi. Kisafishe, weka gasketi mpya, na usisahau wavu mdogo wa oili ulio chini.

Valvu pima injini ikiwa baridi kabisa, pistoni ikiwa juu kwenye pigo la mgandamizo, alama ya T ikiwa mahali pake na roka zote mbili zikiwa huru. Mwanya ni milimita 0.08 kwa zote mbili. Fila geji ipite kwa kusuguana kidogo. Mafundi wengi hukaza mpaka mlio wa tiki-tiki upotee kabisa, wakidhani wamekusaidia. CG yenye afya inatoa mlio mdogo. Ikiwa kimya, huenda valvu haifungi na inaungua.

Kwenye breki na matairi sina mjadala. Vya zamani vitolewe, hata kama vina nyama. Mpira unakufa kwa umri: soma ubavuni kwenye kisanduku cha mwisho cha alama ya DOT, tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Ukikuta tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000. Viatu vya breki vya miaka hiyo huenda vina asbesto, basi usipulize vumbi la ngoma kwa kompresa. Osha kwa maji na sabuni likiwa bichi.

Oili weka ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, lita moja hivi. Zipo oili za magari zenye viungo vya kupunguza msuguano, na klachi ya CG inaogelea ndani ya oili hiyohiyo, kwa hiyo itateleza kwenye mlima wa kwanza. Ukishawasha, usiiache ikiunguruma pale pale uani wakati watoto wa mtaa wanashangilia. Iendeshe, taratibu, kasi ikipanda na kushuka, ringi zipate kukaa.

Vipuri ulivyovitoa vifungie kwenye boksi na usivigawe. Kebo mpya ya nakala ikikatika njiani, ile ya Japani iliyochoka kidogo itakurudisha nyumbani.

Baada ya kilomita mia chache, mwaga oili ikiwa moto. Siku ya pili, injini ikiwa baridi, kaza nati za hedi kwa msalaba, kisha ndipo upime valvu tena, kwa sababu kukaza hedi hubadilisha mwanya. Rangi, kama bado unaitaka, anza hapo.