Kompyuta Nzito? Mtafute Mchawi Kabla ya Kununua Nyingine

Fundi wetu anajibu maswali ya wasomaji wa mkoa wa Songwe.

Swali: Nina ofisi ya uwakala wa forodha hapa Tunduma. Asubuhi nawasha kompyuta, nakunywa chai naimaliza, ndipo inafunguka. Ninunue nyingine?

Jibu: Subiri kwanza, ndugu yangu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uone nani anakula nguvu za mashine. Diski ikiwa imeganda kwenye asilimia 100 na prosesa imetulia, mchawi umempata. Kompyuta nyingi za mitumba bado zina diski ya sahani, mara nyingi ya mizunguko 5,400 kwa dakika, na kichwa chake huhangaika huku na huko kuokota vipande vya faili. Diski ya SSD haina kinachozunguka. Nakili mafaili yako pembeni, kisha fundi akuwekee SSD ya GB 256. Kwa kompyuta ya zamani sijaona tiba inayoikaribia hiyo.

Swali: Na ramu je?

Jibu: GB 4 ukifungua mfumo wa forodha, barua pepe na WhatsApp kwa pamoja zinajaa, na mashine huanza kuazima nafasi kwenye diski. Weka 8. Ila beba ramu ya zamani dukani: DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4.

Swali: Steshenari yangu iko Mlowo, kando ya barabara kuu. Kompyuta inaanza vizuri, baadaye inanguruma na kuwa nzito.

Jibu: Hilo ni vumbi. Prosesa ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe isiungue. Fundi aifungue, aishike feni isizunguke wakati anapuliza, na abadilishe pasta iliyokauka juu ya prosesa. Na kwa kuwa flashi za wateja zinaingia kutwa nzima, zipime virusi kabla ya kuzifungua. Antivirusi moja inatosha; mbili hugombana.

Swali: Programu za kuongeza kasi?

Jibu: Achana nazo.

Swali: Windows 10 bado inafaa?

Jibu: Microsoft ilikomesha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 huzikataa prosesa nyingi za zamani. Linux Mint ni ya bure na ni nyepesi, lakini hakikisha kwanza kwamba programu zako za kazi na printa vinaikubali. Mashine isiyopata masasisho ya usalama usiifanyie malipo ya wateja.