Safari ya Pikipiki Nje ya Nchi: Kinga Yako Inaishia Mpaka Gani?

Somo hili linamhusu mmiliki wa pikipiki binafsi anayekusudia kusafiri nayo umbali mrefu nje ya Tanzania. Maelezo yanafuata njia moja mahususi, ya kutoka Dar es Salaam hadi Cape Town kupitia Tunduma, Lusaka na Kazungula, kwa sababu ndiyo inayoonesha bayana jinsi kinga ya bima inavyobadilika kadiri mipaka inavyovukwa. Anayeelekea Nairobi au Kigali atakutana na masuala yaleyale, ingawa kwa uzito mdogo zaidi.

Wasafiri wengi huanza maandalizi gereji, na bima huikumbuka siku mbili kabla ya kuondoka. Tunashauri mpangilio huo ugeuzwe. Pikipiki ikiharibikia Mbeya itatengenezwa Mbeya, na hasara yake ina kikomo. Fidia ya gari la thamani uliloligonga Johannesburg haina kikomo cha namna hiyo, na huenda ukatakiwa kuilipa kutoka mfukoni mwako.

Bima ndogo, bima kubwa na Kadi ya Njano

Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamtaka mtumiaji wa chombo cha moto barabarani awe na bima ya madhara yanayoweza kuwapata watu wengine. Hiyo ndiyo ambayo wengi huiita bima ndogo. Bima kubwa huongeza kinga ya pikipiki yenyewe dhidi ya ajali, moto na wizi. Kila hati ya bima ina kipengele kinachotaja eneo ambamo kinga inatumika. Mara nyingi ni mstari mmoja tu, na ndio mstari wa kwanza ambao msafiri anapaswa kuusoma. Ikiwa umeandikwa Tanzania peke yake, basi kinga inaishia Tunduma, hata kama ada ya mwaka mzima imelipwa.

Ili kuvuka, wenye vyombo hununua Kadi ya Njano ya COMESA. Mpango huo uliasisiwa kwa itifaki ya mwaka 1986 na kuanza kazi mwaka 1987. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini imebaki katika mpango wa Kadi, nao unatambuliwa pia Zambia, Malawi, Zimbabwe, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, miongoni mwa nchi nyingine. Kadi hubeba dhima yako kwa mtu uliyemdhuru, kwa viwango vya sheria ya nchi ambamo ajali imetokea.

Hapa ndipo walaji wengi hukosea, na kosa lenyewe linaeleweka. Tuchukue mfano wa msafiri mwenye bima kubwa ya ndani na Kadi ya Njano, ambaye pikipiki yake inaibwa Lusaka. Bima kubwa haimlipi kwa kuwa eneo lake ni Tanzania. Kadi haimlipi kwa kuwa inahusu madhara ya watu wengine, wala haihusiki na wizi wa chombo chake. Amelipia kinga mbili, na hasara yake imeangukia katikati yake.

Tiba yake ni nyongeza ya maandishi kwenye hati ya bima kubwa, inayopanua eneo la kinga. Nyongeza hiyo itaje nchi moja moja kwa majina, tarehe ya kuanza na ya kuisha, namba ya usajili na namba ya fremu. Kauli ya wakala kwamba "hiyo imo" haitoshi. Mwombe akuoneshe ukurasa. Kampuni ikikataa kupanua eneo, kataa hilo ni taarifa yenye manufaa kwako, kwani sasa unajua kwamba unasafiri bila kinga ya chombo na unaweza kuamua kwa macho makavu.

Baada ya Kazungula

Daraja la Kazungula, lililofunguliwa mwaka 2021 juu ya mto Zambezi, linaunganisha Zambia na Botswana. Unapolivuka kuelekea kusini unatoka katika eneo la Kadi ya Njano. Namibia na Afrika Kusini zina mifuko ya umma inayogharimiwa kwa tozo ya mafuta, hivyo unaichangia kila unapojaza tangi. Mifuko hiyo hushughulikia majeruhi na vifo. Haigharimii uharibifu wa mali, na Afrika Kusini haimlazimishi mwenye chombo kuwa na bima ya uharibifu huo. Kutolazimishwa hakuondoi wajibu wa kulipa. Kwa sehemu hii ya safari, dhima ya mali ya watu wengine iwemo ndani ya nyongeza uliyoiomba, au inunuliwe kando. Anayekatiza Msumbiji anunue bima ya mtu wa tatu mpakani na kuidai risiti.

Gereji ni suala la bima pia

Hati nyingi za bima huweka sharti kwamba chombo kitunzwe katika hali ya kufaa barabarani. Tairi lililokwisha linaweza kuwa sababu ya kukataliwa dai, mbali na hatari yake kwa uhai.

Tairi jipya dukani si lazima liwe limetengenezwa karibuni. Ubavuni pana tarakimu nne mwishoni mwa alama ya DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zisome kabla ya kulipa. Oili nayo ichaguliwe kwa alama. Pikipiki nyingi zina klachi inayozama katika oili ya injini, na baadhi ya oili za magari zina viongezi vinavyoifanya klachi hiyo iteleze. Tafuta alama ya JASO MA au MA2 kwenye chupa. Cheni na sproketi zibadilishwe kwa pamoja, kwani cheni mpya juu ya meno yaliyolika huisha upesi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri muda unavyopita, hivyo yabadilishwe kabla ya kuondoka ikiwa yamekaa miaka miwili.

Ukifunga masanduku ya mizigo au tangi kubwa zaidi, iarifu kampuni ya bima kwa maandishi. Tunza risiti zote za matengenezo. Zikikaa katika simu pia, bora zaidi.

Kadi ya usajili na mkopo

Namba ya fremu na ya injini zilinganishwe na kadi ya usajili, tarakimu kwa tarakimu, kwa kuwa ofisa wa forodha atafanya hivyohivyo. Pikipiki iliyonunuliwa kwa mkopo ambayo kadi yake ina jina la mkopeshaji haipaswi kuvuka bila barua ya idhini kutoka kwake, na mkataba wa mkopo unaweza kukataza kabisa kuitoa nchini. Usome. Baadhi ya wasafiri hutumia karneti, hati ya forodha inayodumu mwaka mmoja na kutolewa kwa dhamana ya fedha. Ikikosa muhuri wa kutoka katika nchi moja, nchi hiyo inaweza kudai ushuru kana kwamba uliiuza pikipiki humo. Usiondoke dirishani kabla muhuri haujagongwa.

Ajali ikitokea

Ita polisi na upate taarifa yao ya maandishi au namba ya jalada. Usikiri kosa wala kuahidi malipo, kwa sababu ahadi hiyo inaweza kuharibu utetezi wa kampuni yako. Katika nchi za Kadi ya Njano, wasiliana na ofisi ya kitaifa ya mpango huo katika nchi uliyomo, kisha iarifu kampuni yako ndani ya muda uliotajwa katika hati. Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi pamoja na namba ya kipengele kilichotumika. Malalamiko yasiyopata ufumbuzi katika kampuni hupelekwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye ofisi yake ipo chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, na barua hiyo ya kukataliwa ndiyo kiambatisho cha kwanza cha lalamiko lako.