Jamaa Moja Yaenda Kuona Wanyama

Hifadhi ya Virunga katika Kongo ilianzishwa mwaka wa 1925, nayo ni hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika. Baadaye nchi nyingine nazo zilitenga mapori yao, ili wanyama wasiishe. Katika Kenya mbuga ya kwanza ya namna hiyo ni ile ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka wa 1946. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 117, nayo ni jirani kabisa ya mji mkuu. Mtu aliye ndani aona twiga mbele yake, na nyuma ya twiga aona majumba marefu ya mji. Pande tatu za mbuga zina ua. Upande wa kusini uko wazi, ili wanyama wapate njia ya kwenda na kurudi.

Jamaa moja ya Nairobi ilitaka kwenda huko siku ya Jumamosi. Walikuwa watu sita: baba, mama, watoto watatu na nyanya yao. Jumatano jioni wakakaa pamoja kufanya shauri.

Baba akasema: «Kwanza tuhesabu fedha. Kila mtu ana kiingilio chake, na mtoto hulipa kidogo kuliko mtu mzima. Malipo hufanywa kwa simu, si kwa fedha mkononi. Tena motokari yetu ina viti vitano tu. Tukienda sote, lazima tukodi kubwa.»

Kijana wa kwanza akajibu: «Baba, afadhali nyanya abaki nyumbani. Miguu yake inauma, atachoka bure.»

Nyanya akanyamaza. Mama akamtazama mwanawe, akasema: «Mwanangu, ulipokuwa hujui kutembea, nani alikubeba mgongoni? Hakusema kwamba wewe ni mzigo.» Kijana akainamisha kichwa kwa haya.

Baba akasema: «Huko mbugani watu hukaa ndani ya motokari. Miguu ya nyanya haitatuzuia. Tutakodi motokari kubwa, lakini fedha za kuona tembo hazitatosha.»

Binti akasikitika sana. Katika mbuga ya Nairobi hakuna tembo wanaotembea huru. Wako watoto wa tembo tu, waliopoteza mama zao, wanaolelewa mahali pamoja. Wageni huonyeshwa tembo hao kwa saa moja tu, tangu saa tano mpaka saa sita mchana, nao hulipa fedha mbali. Binti akafikiri kidogo, kisha akasema: «Basi, tembo wataningoja. Nyanya aende.»

Ijumaa mama alipika viazi na mayai, akavitia ndani ya kikapu. Maji aliyatia katika chupa za chuma, kwa maana tangu mwaka wa 2020 ni marufuku kuingia na chupa za plastiki za kutumia mara moja. Baba akawafundisha watoto amri za mbuga: usishuke motokarini ila mahali palipoonyeshwa, usipige kelele, usimpe mnyama chakula, usitupe takataka.

Jumamosi wakaamka usiku. Milango ya mbuga hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na wakati huo jua si kali, wanyama wengi wanatembea bado. Wakaona punda milia, nyati, mbuni, na kifaru mmoja aliyekula majani mbali kidogo na njia. Lakini simba hawakuonekana. Kijana akawa anasema mfululizo: «Tazama kule! Hapana, tazama huku! Baba, ongeza mwendo!»

Ndipo nyanya akasema kwa sauti ndogo: «Simamisha motokari. Nyamazeni, watoto. Tazameni wale swala.»

Wakatazama. Swala kama kumi walikuwa wamesimama bila kula. Wote walielekeza vichwa upande mmoja, na masikio yao yamesimama.

Nyanya akasema: «Swala hatazami hivyo bure. Fuateni macho yao.»

Watoto wakafuata. Katika majani makavu, yenye rangi moja na ngozi yake, alilala simba jike, na watoto wake wawili ubavuni. Motokari nyingine tatu zilipita mbio. Waliokuwa ndani hawakuona kitu.

Kijana akauliza polepole: «Nyanya, nani alikufundisha?»

«Mjukuu wangu, nilipokuwa mdogo nilichunga mbuzi wa baba yangu. Mchungaji asiyejua kutazama swala hurudi nyumbani na mbuzi pungufu.»

Jioni, walipofika nyumbani, kijana hakungoja kuambiwa. Alimfungulia nyanya mlango wa motokari, akamshika mkono, akatembea naye polepole mpaka kitini pake. Kweli, penye wazee haliharibiki neno.

MASWALI

1. Mbuga ya Nairobi ilifunguliwa mwaka gani? Na hifadhi ya Virunga?
2. Kwa nini jamaa ilikodi motokari kubwa? Binti aliacha nini kwa ajili ya nyanya?
3. Taja amri nne za mbuga. Eleza maana ya kila moja.
4. Nyanya alijuaje kwamba simba yuko karibu?
5. Muulize mzee wa nyumbani kwenu jambo moja alilojifunza porini au shambani. Liandike kwa mistari mitano.