Mashine Si Mwalimu Mkuu

Nanunua omena Homa Bay, nauza Migori. Njiani tunapita Awendo, mji wa sukari, na ikitokea matatu imekwama nyuma ya trekta la miwa, wanaonifahamu huanza utani: mgonjwa wa sukari amefika kwao. Siku hizi nacheka nao. Miaka ya mwanzo nilikuwa nageuza uso dirishani.

Niliiogopa mashine ya kupima sukari kuliko ugonjwa wenyewe. Ikisoma 14 najiona mkosaji, basi siku tatu sipimi. Muuguzi mmoja aliwahi kuisoma kadi yangu kwa sauti mbele ya foleni: "Mama, wewe husikii?" Miezi miwili sikukanyaga kliniki. Mama mkwe ndiye aliyenirudisha. "Nyathina," yaani mwanangu, alisema, "hiyo mashine si mwalimu mkuu. Haikuchapi."

Baadaye nikaelewa kwamba ile hofu yenyewe hupandisha sukari. Ukiwa na woga au hasira, mwili humwaga adrenalini na kortisoli, nalo ini huachilia sukari ya akiba. Ndiyo maana nimewahi kukesha matangani bila kugusa chai tamu, na asubuhi namba iko juu.

Ninavyofanya sasa ni hivi. Asubuhi, kabla ya kujidunga kidole, naketi, miguu mitupu sakafuni. Navuta pumzi kwa pua, naitoa polepole zaidi ya nilivyoivuta, mara sita. Najiuliza nimelalaje, na nina kinyongo na nani. (Kuna siku orodha huwa ndefu.) Kisha napima. Namba naiandika kwenye daftari la madeni ya samaki, na kando yake neno moja tu: "matanga", "karo", "mvua". Sijisifu wala sijilaumu, naandika tu. Baada ya miezi michache daftari lilinionyesha wazi: wiki za kufungua shule ndizo zinazonimaliza. Daktari alipoliona, tuliongea kuhusu usingizi na wasiwasi wangu kwa mara ya kwanza, si dawa na ugali peke yake. Dawa bado nameza vilevile. Pumzi haikunipunguzia hata kidonge kimoja.

Hapa pana hatari moja. Kutokwa jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio: hofu huja hivyo, na sukari ikishuka huja hivyohivyo. Usianze na pumzi. Pima kwanza. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L), koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, kunywa, ngoja dakika 15, upime tena. Mimi niliwahi kuketi ufuoni Homa Bay nimefumba macho, navuta pumzi, nikidhani ni wasiwasi wa bei ya omena. Ilikuwa 3.1. Mwenzangu wa biashara ndiye aliyenifungulia soda.

Kesho ukipima, andika neno moja kando ya namba. Siku ya kliniki, beba hilo daftari, hata kama linanuka samaki kama langu.