Jenerali 'asiyeshindwa' na swali la Songea

Katika vitabu vingi vya vita, Paul von Lettow-Vorbeck hutajwa kwa sifa. Ndiye kamanda wa Kijerumani aliyepigana Afrika Mashariki tangu 1914 hadi 1918, na husemwa kuwa hakushindwa. Mtu wa Songea ana haki ya kuuliza: hakushindwa kwa gharama ya nani?

Tumtazame kwanza mwenyewe. Kabla ya kuja kwetu alikuwa Namibia, katika jeshi la Jenerali Lothar von Trotha lililowaangamiza Waherero kuanzia 1904. Alifika Dar es Salaam Januari 1914 akiwa luteni kanali. Ujenerali aliupata vitani. Novemba mwaka huohuo, akiwa na wapiganaji wapatao 1,000, alilirudisha baharini jeshi la Waingereza la watu wapatao 8,000, wengi wao Wahindi, lililotaka kuiteka Tanga. Hesabu yake ilikuwa moja: kadiri Waingereza watakavyomkimbiza huku, ndivyo watakavyokosa kupeleka askari wao Ulaya. Yaani nchi hii na watu wake walikuwa chambo.

Songea ilikuwa bado na kidonda. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapo viongozi wa Wangoni waliopigana Vita vya Maji Maji, na siku chache baadaye wakamnyonga Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake. Mashamba na maghala yalichomwa, njaa ikaua wengi kuliko risasi.

Miaka 12 baadaye, jeshi la Wajerumani walewale likarudi. Lettow-Vorbeck alikuwa ameuvuka mto Ruvuma Novemba 1917 kuingia Msumbiji. Mwishoni mwa Septemba 1918 akauvuka tena, akapita Ungoni kuelekea kaskazini. Jeshi lisilo na reli wala ghala linakula nini? Linakula cha mwanakijiji. Linachukua mahindi yake, ng'ombe wake, na kijana wake wa kubeba mizigo.

Jambo moja katika safari hiyo linastahili kukumbukwa. Baadhi ya askari wa Kingoni, walipoiona tena ardhi ya kwao baada ya miaka ya kutembea, walitoroka. Hawakuwa waoga, kwani walikuwa wamepigana kwa miaka. Waliona tu kwamba vita ile haikuwa yao.

Waislamu nao wana somo lao hapa. Mwaka 1913 Gavana Heinrich Schnee aliwaandikia wakuu wa wilaya akitaka ushauri wa namna ya kuzuia kuenea kwa Uislamu. Novemba 1914 Sultani wa Uturuki, mshirika wa Ujerumani, akatangaza jihadi. Mara utawala uleule ukawa rafiki wa Waislamu, ukiwahimiza wasimame nao! Dini iliyoogopwa jana, leo ikawa silaha ya mkoloni.

Jenerali alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Alikuwa na Wajerumani 155 na askari Waafrika 1,168. Machi 1919 alipokelewa Berlin kwa gwaride. Askari wachache waliokuwa bado hai walilipwa malimbikizo yao mwaka 1964, mwaka aliokufa yeye akiwa na umri wa miaka 93.

Na wapagazi je? Kwa upande wa Waingereza inahesabiwa kuwa walikufa wapatao 95,000, wengi kwa maradhi na uchovu. Kila tunapokwenda sokoni Kariakoo tunalitaja jina la kikosi chao bila kujua. Kwa upande wa Lettow-Vorbeck, hata hesabu kamili haikuwekwa. Mtu asiyehesabiwa akifa, ni rahisi kusema jenerali wake hakushindwa.

Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa wakati wa Maji Maji. Ni jambo jema. Lakini msamaha wa mgeni hautuondolei wajibu wetu. Wazee waliosimuliwa na baba zao habari za mizigo na njaa ya vita ile wanapungua kila mwaka. Mwenye babu au bibi Songea, Namtumbo au Tunduru, amwendee na daftari kabla hatujabaki na vitabu vya kumsifu jenerali peke yake.