Ng'ombe Si Chandarua: Namna Mbu Anavyomchagua wa Kumng'ata, Kyela na Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

Anayeuma ni jike

Mbu dume hula majimaji matamu ya mimea tu. Anayetafuta damu ni jike, kwa kuwa mayai yake hayapevuki bila damu. Akishiba hupumzika siku mbili au tatu, hutaga majini, kisha hurudi kutafuta damu nyingine. Katika kurudi huko ndiko maradhi yanakohamia kwa mwingine.

Anavyochagua

Kinachomwamsha kwanza ni hewa ya ukaa itokayo puani mwa mtu au mnyama. Huifuata, kisha hunusa jasho, na akikaribia huongozwa na joto la mwili. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara waliwahi kuwanasa mbu kwa harufu ya soksi zilizovaliwa.

Hata hivyo, mbu hawafanani. Anopheles gambiae na Anopheles funestus humpenda binadamu: hupenya kwenye uwazi kati ya ukuta na paa na kumuuma aliyelala. Anopheles arabiensis hachagui sana. Humuuma ng'ombe au mtu, yeyote aliye karibu, na mara nyingi nje. Wote watatu hueneza malaria. Mbu wa jamii ya Aedes huuma hata mchana.

Hali ya Kyela

Wilaya hii hupata mvua kubwa, na mito Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe hufurika hadi kwenye majaruba ya mpunga. Maji hubaki pia kwenye maganda ya kakao na madumu mabovu. Mazalia hayakosekani, na ng'ombe hufungwa karibu na nyumba.

Hapo ndipo imani potofu ilipoota mizizi: kwamba ng'ombe akilala karibu, mbu watamaliza njaa kwake na kuwaacha watu. Ng'ombe si chandarua. Jioni, ng'ombe akiwa amefungwa kwenye mgomba hatua tano kutoka mlangoni, pumzi na harufu yake huwaita mbu uani. Hapohapo mama anakaanga dagaa aina ya usipa na watoto wamekaa barazani miguu wazi. Arabiensis aliyemfuata ng'ombe hana sababu ya kuiruka miguu hiyo. Gambiae naye humpita ng'ombe akaingia ndani.

Hatari inayopuuzwa

Baadhi ya mbu wanaouma mifugo na watu hueneza pia Homa ya Bonde la Ufa, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1931. Mlipuko wa mwaka 2007 uliua zaidi ya watu 100 nchini Tanzania. Utafiti wa Mkoa wa Mbeya uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta dalili za maambukizi ya zamani katika damu za watu, kwa wingi zaidi karibu na Ziwa Nyasa.

Dalili kubwa zizini ni ng'ombe wengi kutupa mimba kwa wakati mmoja, hasa baada ya mafuriko. Ndama aliyetupwa haguswi kwa mikono mitupu. Mnyama mgonjwa hachinjwi. Maziwa hayanywewi bila kuchemshwa. Anayeona dalili hizo hutoa taarifa kwa ofisa mifugo siku hiyohiyo. Inarudiwa kwa makusudi: ndama aliyetupwa haguswi kwa mikono mitupu, kwa kuwa virusi vya homa hii humwingia mtu hata pasipo mbu.

Yanayopaswa kufanywa

Zizi lijengwe mbali na mahali watu wanapolala na kupikia. Josho lisikosekane; baadhi ya dawa zake huua pia mbu anayetua kwenye ngozi ya ng'ombe. Jioni miguu ifunikwe. Uwazi wa chini ya paa uzibwe, na maganda ya kakao yafukiwe.

Serikali imegawa vyandarua vyenye dawa bila malipo, na vimeokoa maisha ya watoto wengi. Wajawazito huvipata kliniki. Chandarua hakikutolewa kuvulia usipa wala kuzungushia vifaranga. Kinachotundikwa kitandani na kuchomekwa chini ya godoro kila usiku humzuia mbu aliyeingia ndani. Aliye uani huzuiwa kwa kuhamisha zizi na kufunika miguu. Kazi hizo mbili hazifanywi na ng'ombe, kwa sababu ng'ombe si chandarua.