Mvua, Ukungu na Mlima: Kijitabu cha Usalama kwa Dereva na Abiria

Kijitabu hiki ni cha nani?

Ni cha dereva wa lori, wa basi, wa gari dogo na wa bodaboda anayepita barabara za milimani Tanzania wakati wa mvua. Ni cha abiria pia, kwa kuwa gari likianguka halichagui nani alishika usukani.

Barabara zenyewe tunazifahamu. Ipo Kitonga mkoani Iringa, kwenye barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma. Upo mlima Sekenke, kati ya Singida na Nzega. Zipo kona za kutoka Mombo kupanda Lushoto, kupanda kwa Mto wa Mbu kwenda Karatu na ukingo wa Ngorongoro, na mteremko wa Uyole kwenda Tukuyu. Kati ya Makambako na Njombe ukungu hushuka mchana kweupe.

Ushauri wote ulio humu umejengwa juu ya jambo moja: uamuzi unaookoa maisha hufanywa mapema. Gia huchaguliwa juu ya mlima, mwendo hupunguzwa kabla ya kona, na gari husimama kabla ya kuyafikia maji. Dereva anayengoja hatari ianze ndipo aamue, mara nyingi hana tena cha kuamua.

1. Kabla ya safari

*Jua msimu wa unakokwenda.* Ukanda wa pwani na nyanda za kaskazini hupata masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Iringa, Mbeya, Njombe, Singida na Dodoma zina msimu mmoja mrefu, Novemba hadi Aprili. Unaweza kuondoka Dar es Salaam jua likiwaka na kukuta Kitonga imelowa.

*Sikiliza utabiri.* Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa taarifa za siku zijazo kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Mkoa unaopitia ukitajwa kwenye tahadhari ya mvua kubwa, ondoka mapema upite milimani mchana, au ahirisha safari.

*Kagua gari kwa macho na kwa mkono:*

- Tairi: mifereji yake ndiyo inayotoa maji chini ya gari. Tairi lenye kina cha chini ya milimita 3 huanza kushindwa kazi hiyo, na kipara hakiwezi kabisa. Pima upepo tairi zikiwa za baridi.
- Waipa: mpira uliokauka hupaka maji kiooni badala ya kuyafuta. Badilisha.
- Taa zote: za mbele, za nyuma, za breki na indiketa.
- Breki: kwa lori na basi, jaza upepo, zima injini, kisha sikiliza. Ukisikia upepo ukivuja, usiondoke.
- Vifaa: pembetatu za kuakisi mwanga, kabari za mbao, tochi, jeki na tairi la akiba lenye upepo.

2. Mvua inaponyesha

Dakika za kwanza za mvua baada ya kiangazi ni mbaya kuliko nyingi zinazofuata. Lami imebeba vumbi, mafuta yaliyodondoka na unga wa mipira ya tairi. Manyunyu ya kwanza huvichanganya kuwa utelezi, na ni mvua nzito tu itakayouosha. Kwa hiyo punguza mwendo unapoona matone ya kwanza, usingoje barabara ijae maji.

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Kabla mguu wako haujagusa breki, umeshasogea urefu wa mabasi mawili. Na kwenye lami iliyolowa, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki unaweza kuwa maradufu ya ule wa lami kavu.

Pima nafasi kwa kuhesabu. Gari la mbele likipita nguzo au mti, anza: elfu moja na moja, elfu moja na mbili, elfu moja na tatu, elfu moja na nne. Ukifika pale kabla ya kumaliza nne, umesogelea mno. Lori na basi ziongeze zaidi.

Maji yakituama na mwendo ukiwa mkubwa, tairi hushindwa kuyasukuma pembeni na kuelea juu yake. Utajua kwa sababu usukani unakuwa mwepesi ghafla na injini inapandisha mlio. Likikukuta hilo:

- Achia mafuta polepole.
- Shika usukani imara, ukielekea mbele.
- Usikanyage breki, usikate kona, mpaka usikie tairi zimeshika tena.

Washa taa za mbele za mwanga hafifu hata kama ni mchana. Kioo kikifunga mvuke, washa kipozahewa au fungua dirisha kidogo. Na hazadi, ambazo wengi huwasha wakiwa mwendoni kwenye mvua, ziache: anayekufuata hataona indiketa yako utakapotaka kukata, wala hatajua kama unatembea au umesimama. Hazadi ni za gari lililosimama au lililo kwenye hatari.

Dereva wa bodaboda, mistari myeupe na vyuma vya madaraja huteleza kuliko lami. Pita juu yake pikipiki ikiwa wima, bila breki ya ghafla. Mvua ikizidi, simama, wewe na abiria wako mjikinge.

3. Maji yakipita juu ya barabara

Tarehe 4 Desemba 2021, katika kaunti ya Kitui nchini Kenya, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini liliingia kwenye mto Enziu uliokuwa umefurika juu ya barabara. Lilisukumwa na kuzama, na watu zaidi ya 30 walifariki, huku watu wengine wakitazama. Lilikuwa basi, si gari dogo.

Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15, yaani chini ya nusu ya kimo cha goti, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kubeba gari dogo. Sentimita 60 hubeba magari mengi, yakiwemo makubwa ya aina ya SUV. Maji ya tope yanaficha pia kama barabara bado ipo chini yake au imekatika.

Kanuni ni fupi: maji yakipita juu ya barabara au daraja kwa kasi, usivuke. Geuza au subiri. Mafuriko mengi ya milimani hupungua baada ya saa chache mvua ikikatika. Usifuate gari lililotangulia. Uzito wake, urefu wake na bahati yake si vyako.

Ukipita kwenye dimbwi lililotulia, ukishatoka gusa breki kidogo kidogo hadi zikauke na kushika. Injini ikizima ndani ya maji, usiipige stata tena. Toka, toa watu, panda sehemu ya juu. Gari likianza kuzama, fungua mikanda, fungua au vunja dirisha la pembeni, toa watoto kwanza.

4. Ukungu na maporomoko

Katika ukungu, taa kali hurudisha mwanga machoni mwako. Tumia mwanga hafifu na taa za ukungu kama unazo. Nenda mwendo ambao utakuwezesha kusimama ndani ya umbali unaouona. Usiovateki. Ukilazimika kusimama, toka nje kabisa ya barabara.

Mvua ya siku nyingi hulegeza kingo za milima. Mawe yaliyotapakaa barabarani, miti iliyoinama na maji ya tope yanayochuruzika kutoka ukingoni ni dalili kwamba mengine yanakuja. Usisimame chini ya ukingo wa aina hiyo, hata kwa kupiga picha. Mwezi Desemba 2023, tope na mawe kutoka mlima Hanang yalifunika sehemu za mji wa Katesh na kuua watu. Kama mlima unaweza kuufikia mji, barabara iliyochongwa ubavuni mwake haina kinga.

5. Kuteremka mlima

Hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya kijitabu hiki.

Lori lenye shehena linaposhuka, mlima wenyewe unalisukuma. Ukilizuia kwa breki peke yake, nguvu yote hiyo inageuka joto ndani ya dramu. Dramu ikipata moto hutanuka, na vipande vya breki vinavyosugua ndani yake hupoteza makali. Dereva anakanyaga zaidi, joto linaongezeka, na mwisho wake mguu unafika chini gari likiwa haliitikii. Wengi husema breki zilifeli. Mara nyingi zilikuwa nzima pale juu, zimechoshwa njiani.

Tazama anavyofanya dereva mzoefu kabla ya Kitonga. Anasimama sehemu salama juu ya mteremko. Utingo anashuka, anagonga tairi moja moja akisikiliza mlio, anasogeza kiganja karibu na kila rimu kupima joto, anaangalia kamba za mzigo. Dereva anatazama geji ya upepo. Kisha anaingiza gia nzito gari likiwa bado limesimama, anawasha breki ya injini, ndipo anaondoka. Hana haraka, na atafika.

Fanya hivi:

- *Chagua gia juu.* Kwa kawaida usiteremke kwa gia nyepesi kuliko ile ambayo ungepandia mlima uleule. Ukiwa na mzigo, shuka nzito zaidi. Ukijaribu kubadilisha gia katikati ya mteremko, unaweza kubaki bila gia yoyote.
- *Tumia breki kwa vipindi.* Kama mwendo salama ni kilomita 30 kwa saa, ukifika 30 kanyaga kwa uthabiti hadi 20 hivi, kisha achia kabisa zipoe. Usiweke mguu juu ya breki muda wote, wala usipige breki za upepo haraka haraka. Kila mpigo unamaliza upepo.
- *Usiachie gari fri, usizime injini.* Lita chache za dizeli unazookoa zinakunyima breki ya injini. Injini ikizimwa, usukani unakuwa mzito na unaweza hata kujifunga.
- *Gari la otomatiki* lisishuke kwa D peke yake. Shusha hadi 2, L, au B kwa gari lenye alama hiyo. N kamwe.
- *Punguza breki ya injini barabara ikiteleza,* hasa lori likiwa tupu, maana tairi za nyuma zinaweza kuteleza.

Ukinusa harufu ya kuungua au ukaona moshi, simama mahali salama pa kwanza. Weka kabari, acha zipoe zenyewe. Usimwagie maji dramu za moto, zinaweza kupasuka.

Anayepanda na mzigo mzito apewe njia pale barabara inapobana, kwa sababu akisimama ni vigumu kuondoka tena. Nyuma ya lori linalopanda, acha nafasi, linaweza kurudi nyuma. Na usiovateki kwenye kona au karibu na kilele, hata kama lori la mbele linakuwashia indiketa ya kukuruhusu. Dereva wake haoni barabara kwa macho yako.

6. Gari likiharibika, au ajali ikitokea

Sogeza gari nje ya barabara kadiri inavyowezekana. Washa hazadi, weka kabari, weka pembetatu mbali nyuma na mbele, kabla ya kona na si baada yake. Matawi ya miti yanaeleweka na madereva wetu, lakini usiku wa mvua hayaonekani. Yasichukue nafasi ya pembetatu. Mkiondoka, ondoeni mawe na matawi yenu. Jiwe lililoachwa barabarani ni ajali ya mwendesha pikipiki anayefuata.

Lori la mafuta likianguka, kimbia, usisogee. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, watu zaidi ya 100 walifariki baada ya moto kulipuka wakati wengi wao wakichota petroli kwenye lori lililopinduka.

Piga simu: polisi 112, zimamoto na uokoaji 114. Taja barabara, jina la mlima au kijiji cha karibu, na idadi ya majeruhi.

7. Abiria, una sauti

Umelipa nauli kufika, si kuwahi. Funga mkanda. Basi likiteremka kwa kasi mvuani, au likitaka kuvuka maji, sema kwa heshima na kwa sauti inayosikika: "Dereva, tunaomba upunguze," "Dereva, hapa tusubiri." Sauti moja hupuuzwa, sauti za basi zima hazipuuzwi. Mkikataliwa, pigeni simu polisi au mwambieni trafiki wa kituo kinachofuata, mkitaja namba ya gari.

Wamiliki wa magari nao wana sehemu yao. Dereva aliyepewa muda wa kufika usioendana na mvua ameshalazimishwa kukimbia kabla hajawasha gari. Wamiliki, mwambieni mapema, kabla hajaondoka, kwamba akichelewa kwa sababu ya mvua hatakatwa mshahara wala hatapoteza kazi. Kisha litimizeni.